Kraki ya bwerere, kikombozi cha laki moja na ushee

Ukipita Moi Avenue ama Luthuli jioni, hukosi jamaa wa kukuita: "Boss, njoo uone laptopu safi, ex-UK, Core i5, bei ya kutupa." Mtavutana bei, utaishika mashine mkononi, na kabla hujatuma M-Pesa atakuongezea utamu wa mwisho: "Windows na Office nimekuwekea, ziko sawa, hulipi kitu." Hapo roho inatulia. Sijawahi kusikia mteja akiuliza zimewekwaje.

Leo naomba tuulize. Kwa sababu ukifuatilia habari za uvamizi wa mitandao nchini utadhani ni vita vya wakubwa pekee. Aprili 2023 Naivas wenyewe walitangaza kuwa wamevamiwa na genge la kikombozi. Julai mwaka huo huo eCitizen ikazidiwa, watu wakakwama vituoni na kwenye kaunta (ule haukuwa wizi wa kikombozi, ulikuwa ni kufurikisha mtandao hadi ushindwe kupumua). Mamlaka ya Mawasiliano nayo hutoa ripoti kila robo mwaka yenye takwimu za kutisha: kati ya Januari na Machi 2025 ilihesabu matukio zaidi ya bilioni 2.5 ya vitisho vya mtandaoni. Oktoba 2025 Rais akatia saini marekebisho ya sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, nasi tukabishana X wiki nzima kuhusu nani atafungiwa tovuti.

Sawa. Lakini wewe uko bedsitter Roysambu, ama Bamburi, ama Kondele, na ile laptopu moja mezani ndiyo kazi yako. Unaandikia watu tasnifu, unahariri video za harusi, unajaza ritani za KRA za mtaa mzima. Hiyo bilioni 2.5 inakuambia ufanye nini kesho asubuhi? Hakuna. Hesabu ya majaribio ni kama kuhesabu mvua kwa matone. Kitu unachohitaji kujua ni paa lako linavuja wapi.

Kwa maoni yangu, paa letu linavuja hapo kwa "hulipi kitu".

Kuna aina ya virusi vya kikombozi, ama ransomwea, inayoitwa STOP, wengine huiita Djvu. Haikutengenezewa benki wala serikali. Imetengenezewa mimi na wewe. Mwaka wa 2019 kampuni ya usalama ya Emsisoft ilisema zaidi ya nusu ya ripoti zote za virusi vya kikombozi ilizokuwa ikipokea kutoka duniani kote zilikuwa za familia hii moja. Na njia yake kuu ya kuingia haikuwa udukuzi wa filamu, wa mtu mwenye kofia anayebonyeza kibodi gizani. Ilikuwa ni kraki. Photoshop ya kraki, gemu ya kraki, ile programu ya kuamshia Windows na Office bila kulipa. Mtu anaipakua mwenyewe, anaifungua mwenyewe, na maelezo yakimwambia "zima antivairasi kwanza," anaizima mwenyewe.

Kinachofuata huchukua dakika chache. Wakati mwingine inakuonyesha dirisha bandia la Windows ikijisasisha, ili utulie na ukachemshe chai. Nyuma ya pazia inaangalia uko nchi gani. Ukiwa Urusi, Belarus, Kazakhstan na nchi nyingine kadhaa za huko, inakuacha na kuondoka zake. Kenya haimo kwenye orodha ya wanaoachwa. Basi inaanza kusimba faili: picha, hati, video, kila kitu. Faili iliyoitwa harusi.mp4 inaongezewa mkia wa herufi nne zisizo na maana na haifunguki tena. Inafuta nakala za siri ambazo Windows hujiwekea. Inahariri faili moja ya mfumo ili usiweze kufungua tovuti za usalama ukitafuta msaada. Halafu katika kila folda inaacha karatasi yake, _readme.txt: lipa dola 980, lakini ukituma barua pepe ndani ya saa 72 utapata punguzo la nusu, dola 490.

Ukipiga hesabu kwa Sh129 kwa dola, hiyo ni kama Sh126,000. Hata na "ofa" yao ni zaidi ya Sh63,000. Bei ya laptopu yenyewe mara mbili, tatu. Na hawataki M-Pesa, wanataka sarafu za kidijitali, kwa hivyo hata ukilipa hakuna kurudisha wala kupigia mtu simu.

Sasa, usinielewe vibaya. Sitaki kukuhubiria kuhusu haki za Microsoft. Mimi mwenyewe niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilikuwa imekataa kupatikana, najua bei ya leseni ikilinganishwa na kodi ya nyumba inafanana vipi. Na ukweli usemwe: si kila kraki ina virusi. Wasee wengi wa saiba wana folda moja kwenye flashi ambayo wameitumia miaka mitano kwa mashine mia na hakuna iliyolipuka. Ndiyo maana ushauri wa "usitumie kraki" hauingii mtu akilini. Anajua watu kumi walioitumia na wako sawa.

Shida kubwa ya kraki iko kwingine. Kraki inakufundisha kupuuza king'ora.

Windows ina antivairasi yake ya bure, Defender, na siku hizi si mchezo, iko sawa na nyingi za kulipia. Defender ikiona programu ya kuamshia Office inapiga kelele, inaiita HackTool. Fundi anacheka, anakuambia "hiyo ni uongo, ni Microsoft wanalinda pesa zao," na kwa ile moja pengine anasema kweli. Anaizima, ama mbaya zaidi anaingia kwenye mipangilio na kuiambia Defender isiwahi kukagua folda fulani. Kuna hizi programu za kuamshia ambazo hufanya hivyo zenyewe bila kukuuliza. Umenunua mashine ambayo mlinzi wake ameambiwa asiangalie mlango wa nyuma, na wewe umefunzwa kwamba akipiga firimbi ni kelele tu. Miezi sita baadaye unapakua kitu kingine, firimbi inalia, unabonyeza "ruhusu" bila kusoma. Siku hiyo ndiyo inakumaliza, si siku ya kwanza.

Kwa hivyo kabla hujaendelea kusoma, kama uko kwenye tarakilishi, fanya hivi. Fungua Windows Security, ingia sehemu ya virusi, teremka kwenye mipangilio hadi mahali pameandikwa "Exclusions". Orodha hiyo inafaa kuwa tupu. Ukikuta folda humo na hukuiweka wewe, iondoe, kisha ukague mashine nzima. Wengine wenu mtakuta diski C yote imesamehewa kukaguliwa. Manze.

Ukiwa hapo hapo, kuna kitufe kingine ambacho karibu kila mashine huja nacho kikiwa kimezimwa. Kinaitwa "Controlled folder access", kiko chini ya ulinzi dhidi ya kikombozi. Ukikiwasha, programu isiyojulikana haiwezi kubadilisha faili zilizo kwenye Documents na Pictures. Kitakusumbua siku za kwanza, kitazuia hata programu yako halali kuhifadhi kazi, na itabidi uiruhusu moja baada ya nyingine. Vumilia. Kinafanya kazi tu kama Defender ndiyo antivairasi yako kuu.

Na ile Windows ya bure? Kitu ambacho fundi hakuambii ni kwamba Windows isiyo na leseni inafanya kazi. Inakuwekea maandishi yale ya kijivu pale kona ya chini na inakunyima kubadilisha picha ya ukutani. Basi. Sasisho za usalama bado zinakuja. Maandishi ya kona hayajawahi kuua mtu. Office nayo iko ya bure kwenye kivinjari ukiwa na akaunti ya Microsoft, LibreOffice ni ya bure kabisa na inafungua hati za Word, na kama bado uko chuoni uliza kama barua pepe ya chuo inakupa Office bila malipo, maana vyuo vingi vina mpango huo na wanafunzi hawajui. Wahariri wa video, DaVinci Resolve ina toleo la bure ambalo wengi wenu hamtalimaliza. Kwa picha kuna GIMP, kuna Photopea inayofanya kazi ndani ya kivinjari. Ndiyo, itabidi ujifunze vitufe vipya. Ni wikendi moja.

Tusisahau ya Windows 10. Microsoft iliacha kuihudumia Oktoba 14, 2025, na nyingi ya hizi mashine za ex-UK haziwezi kupanda hadi Windows 11 kwa njia ya kawaida, kwa sababu inataka Core ya kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Yule jamaa wa Luthuli anakuuzia kizazi cha 6 na anasema "i5" kwa sauti kubwa. Muulize kizazi. Kama tayari unayo, kuna mlango: Microsoft inatoa sasisho za usalama za ziada hadi Oktoba 2026, dola 30 ama bure ukiingia kwa akaunti yao na kuruhusu mipangilio yako ihifadhiwe kwao. Zikiisha hizo, Linux Mint itaipa mashine hiyo miaka mingine.

Mtu ataniuliza kwa nini sasisho ni muhimu hivyo. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja kwenye Windows. Mei 12 mwaka huo huo WannaCry ikaingia kupitia tundu hilo hilo, ikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kama 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani. Dawa ilikuwa imetoka karibu miezi miwili mapema. WannaCry haikuhitaji mtu abonyeze kitu.

Mtindo mpya lakini unahitaji ubonyeze. Unafungua tovuti, labda ya filamu ama ya mpira, inakuambia thibitisha kwamba wewe si roboti. Umezoea kuchagua picha za taa za barabarani. Hii inakuambia ubonyeze kitufe cha Windows na R, kisha Ctrl na V, kisha Enter. Usiwahi. Umejibandikia amri ya mwizi na kuiendesha kwa mkono wako. Njia hii na kraki ndizo zilisambaza sana Lumma, kirusi kinachoiba nywila na vidakuzi vya kivinjari. Mei 2025 Microsoft na wenzake walikamata tovuti kama 2,300 za genge hilo, baada ya kuona kompyuta zaidi ya 394,000 zimeambukizwa kwa miezi miwili tu. Kirusi cha aina hii hakikuandikii barua ya kikombozi. Kinachukua kinachotaka na kuondoka, na wewe unajua siku ukurasa wako wa Instagram unaanza kuuza bitikoini.

Tuje kwa bakapu, maana hapa ndipo watu hujidanganya zaidi. "Niko na bakapu, iko kwa hadisiki." Hadisiki iko wapi? "Imechomekwa kwa laptopu." Hiyo si bakapu, hiyo ni folda yenye waya. Kirusi kikifunga diski C kinaenda D, kinaenda E, kinaenda kila kitu kilichochomekwa. Google Drive inayojisawazisha yenyewe nayo itapandisha faili zilizofungwa juu ya zile nzuri, ingawa hapo una bahati kidogo kwa sababu Google huweka matoleo ya awali ya faili kwa siku 30, na unaweza kurudi nyuma. GB 15 za bure zinatosha hati zako zote za maisha. Hazitoshi video.

Kwa wenye video na picha za wateja, huna budi kununua diski ya nje. Unaichomeka Ijumaa jioni, unanakili, unaichomoa, unaiweka kabatini. Kuichomoa ndiyo kazi yenyewe. Na mara moja moja jaribu kufungua faili kutoka humo, isije ikawa umekuwa ukihifadhi hewa. Mpiga picha mmoja ninayemjua Umoja hafuti kadi ya kamera hadi mteja athibitishe amepokea kazi yake, anaandika tarehe kwa kalamu kwenye kijikaratasi. Nilimcheka zamani nikidhani ni ushamba, kumbe ndiye aliyesomea.

Ya flashi za saiba nitapita haraka. Ukirudi nayo nyumbani ukute faili zako zimegeuka kuwa njia za mkato, hazijapotea, zimefichwa. Usibonyeze hizo njia za mkato. Kagua flashi kwanza kwa Defender, kisha fungua dirisha la amri uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E iwe herufi ya flashi yako. Faili zitaonekana tena. Huduma hii kuna mahali utalipishwa mia tano.

Tuseme sasa imetokea. Umeamka, faili zote zina mkia usioujua, kuna _readme.txt kila mahali. Saa moja ya kwanza ndiyo ina maana, na silika yetu yote ni mbaya.

Zima Wi-Fi ama hotspoti ya simu. Chomoa kila flashi. Ukiona majina ya faili bado yanabadilika mbele ya macho yako, bonyeza kitufe cha kuzimia hadi mashine ife. Zile ambazo hazijafikiwa zitaokoka. Piga picha ya ile barua kwa simu. Na usichomeke ile diski ya bakapu ukikimbilia kurudisha faili! Djvu hujipangia kazi ndani ya Windows ya kuamka kila dakika tano na kufunga chochote kipya inachokikuta. Watu wamepoteza bakapu nzuri namna hiyo, saa mbili baada ya kupoteza asili.

Pia usikimbilie kwa fundi akupigie "format". Nawaheshimu mafundi, wengi ni marafiki zangu, lakini hiyo ndiyo dawa yao ya kila kitu na hapa inaweza kukumaliza. Faili zilizofungwa na ile barua zinahitajika baadaye. Mwambie kwanza azinakili zote, zikiwa zimefungwa hivyo hivyo, kwenye diski tupu, ndipo afute.

Kusafisha si kugumu. Defender ina ukaguzi wa nje ya mfumo, unaitwa Offline scan: mashine inajizima na kukaguliwa kabla Windows haijaamka, kama robo saa hivi, na kirusi hakipati nafasi ya kujificha. Mashine ikiwaka tena, tumia Malwarebytes ya bure kwa jicho la pili. Elewa tu kwamba kuondoa kirusi hakufungui faili. Ni kama kumfukuza mwizi akiwa ameshabadilisha kufuli. Na mimi, baada ya kunakili faili zilizofungwa, ningeweka Windows mpya kutoka tovuti ya Microsoft yenyewe. Mashine iliyolala na mgeni siiamini tena.

Wakati huo, chukua simu yako, si laptopu hiyo, na ubadilishe nywila. Barua pepe kwanza kwa sababu ndiyo ufunguo wa nyingine zote, kisha benki, kisha mitandao ya kijamii. Bonyeza pia pale pa kutoka kwenye vifaa vyote. Djvu imekuwa ikija na wenzake, waizi wa nywila kama Azorult na Vidar. Watu hulilia picha za harusi na kusahau kwamba nywila zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari zilishasafiri.

Je, faili zitafunguka? Hapa niende kando kidogo, maana kisa cha kwanza cha kikombozi cha kompyuta duniani kina harufu ya Nairobi. Desemba 1989 disketi kama 20,000 zilitumwa kwa posta, zikidaiwa kuwa na maelezo kuhusu Ukimwi. Baadhi ya waliopelekewa walikuwa wamehudhuria mkutano wa Shirika la Afya Duniani kuhusu ugonjwa huo. Ukiwasha kompyuta mara 90 hivi, majina ya faili yanavurugika na printa inatoa ankara: dola 189, sanduku la posta Panama. Aliyeshtakiwa alikuwa Joseph Popp, mwanabiolojia Mmarekani aliyekuwa amefanya kazi hapa Kenya, na alikuwa akitoka Nairobi kwenye kikao cha Ukimwi alipozua kisa uwanja wa ndege wa Schiphol na kuanza kufuatiliwa. Mahakama ya Uingereza iliamua akili yake haiko sawa kujibu mashtaka. Lakini kirusi chake kilikuwa na udhaifu: ufunguo wa kufunga ndio huo huo wa kufungua, na ulikuwa ndani yake. Mtaalamu Jim Bates akatengeneza programu ya kukitengua na kuitoa bure.

Wezi wa leo walijifunza kutokana na hilo, lakini si wote na si kila siku. Djvu hutaka kuzungumza na seva yake ili ipewe ufunguo wako peke yako. Ikipata, hakuna binadamu atakayeufungua bila wao. Ikikosa, tuseme bando ilikuwa imekwisha, inatumia ufunguo mmoja ilioubeba, na wote waliofungwa kwa ufunguo huo wanaokolewa siku moja ukipatikana. Angalia nambari ya kitambulisho kwenye ile barua. Ikiishia na "t1", wewe ni wa kundi la pili na una matumaini. Oktoba 2019 Emsisoft na Michael Gillespie walitoa programu ya bure ya kufungua aina 148 kati ya 160 zilizojulikana wakati huo. Kwa aina mpya zaidi inategemea hiyo "t1".

Mahali pa kuanzia ni tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni mbili za usalama. Unapakia faili moja iliyofungwa na ile barua, inakuambia ni familia gani na kama kuna dawa. Bure. Usitafute dawa YouTube, wala usijibu msee anayekuja inbox akisema ana ufunguo wako kwa elfu kumi. Juni 2020 kulizuka programu bandia ya kufungua Djvu, ikaitwa Zorab. Ukiiendesha, inafunga faili zako mara ya pili juu ya kufuli la kwanza.

Wahariri wa video, mna bahati ya pekee. Kwa haraka yake, Djvu husimba kama KB 150 za mwanzo za kila faili na kuacha sehemu iliyobaki ilivyo. Kwa hati ya Word huo ni mwisho. Kwa video ya harusi ya GB 4, ni kama mtu amerarua jalada la kitabu. Kuna programu ya bure inayoitwa Media Repair ambayo hujenga upya huo mwanzo kwa MP4 na MP3, ukiipa video nyingine nzima iliyopigwa na kamera hiyo hiyo kwa mipangilio hiyo hiyo. Haifaulu kila mara. Faili za ZIP nazo jaribu kuzifungua, mara nyingi ni ile ya kwanza ndani pekee iliyoharibika.

Kuhusu kulipa, mimi nasema hapana, na si kwa sababu ya uzalendo. Ukituma Sh63,000 kwa mtu usiyemjua, hana sababu ya kukujibu, na akijibu hana sababu ya kutotaka nyingine. Lakini sijawahi kuwa na tasnifu ya mke wangu kwenye mashine iliyofungwa, kwa hivyo sitakuhukumu.

Usipopata dawa leo, weka zile faili zilizofungwa kwenye diski pamoja na _readme.txt yake, andika juu yake tarehe na ule mkia wa herufi nne. Uwe ukirudi No More Ransom kila baada ya miezi michache. Funguo za kundi la "t1" zimekuwa zikiongezwa kwenye programu ya Emsisoft bila tangazo, na atakayefungua ni yule ambaye hakufuta.